Kuweka Sawa Mipangilio ya Rangi Kabla ya Kuigusa Picha

Ndugu wapiga picha, wahariri wa picha, wachapaji, nanyi mnaoanza kujifunza kazi hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi. Nimeombwa nieleze namna ya kuweka mipangilio ya rangi katika programu ya kuhariri picha. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu ni dirisha ambalo wengi wetu tulilifungua mara moja tu, siku ya kusakinisha programu, tukabonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma, kisha tukakaa miaka tukiilaumu printa, tukiilaumu karatasi, na wengine tukafika hadi kuyatilia shaka macho yetu wenyewe.

Tazameni kwanza skrini hii. Nimefungua faili mbili, na kila moja ina mraba mmoja wa rangi nyekundu. Ya kwanza imeandikwa katika nafasi ya rangi, yaani lugha ya kuandikia rangi kwa namba, iitwayo sRGB, na namba zake ni 255, 0, 0, yaani nyekundu yote, kijani hakuna, buluu hakuna. Ya pili imeandikwa katika Adobe RGB, na namba zake ni 219, 0, 0. Angalieni kwa makini. Hamtaona tofauti, kwa kuwa haipo. Nyekundu hizi ni moja. Sasa naiondoa profaili ya faili ya pili, yaani ile taarifa ndogo inayosema kwamba namba hizi zimeandikwa kwa Adobe RGB, na programu inaisoma kana kwamba ni sRGB. Mmeona? Mraba umeingia kiza kama nguo nyekundu iliyoloa maji, ilhali namba ni zilezile 219, 0, 0. Kwa kijani hali ni mbaya zaidi. Kijani kamili cha sRGB, 0, 255, 0, huandikwa 144, 255, 60 katika Adobe RGB, na namba hizo zikisomwa vibaya hugeuka kijani kilichopauka kinachoelekea manjano. Lakini kijivu cha 128, 128, 128 karibu hakitikisiki kabisa, na hapo ndipo kosa hili linapompita hata mtu mwangalifu: anapima kijivu, anakiona kiko sawa, anaamini kwamba picha nzima iko sawa.

Neno kaa likisimama peke yake hujui kama ni amri ya kuketi, kiumbe wa baharini au kipande cha moto. Sentensi ndiyo inayoamua. Namba za picha ziko vivyo hivyo. Namba 219 ni agizo kwa mtambo kwamba uwashe nyekundu kwa kiasi fulani, lakini agizo halisemi nyekundu ipi, maana nyekundu ya skrini yako si nyekundu ya skrini yangu, na wino wa printa hauijui nyekundu yoyote kati ya hizo mbili. Profaili ndiyo sentensi inayoipa namba maana yake. Karibu kila mpangilio nitakaoutaja leo unahusu swali moja: je, sentensi hiyo imebaki na picha, au imepotea njiani?

Msingi wa kazi hii uliwekwa zamani. Katika miaka ya 1920 huko Uingereza, W. David Wright na John Guild, kila mmoja kwa majaribio yake, waliwaketisha watu mbele ya mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, wakawataka waichanganye hadi ilingane na rangi waliyoonyeshwa. Wright alikuwa na watu 10, na Guild alikuwa na 7. Kutokana na vipimo hivyo, Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, inayojulikana kwa herufi CIE, ilitoa mwaka 1931 mfumo wa kuitaja rangi kama jicho la binadamu linavyoiona, bila kutegemea mtambo wowote. Mwaka 1993 kampuni 8, zikiwamo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano wa kimataifa wa rangi, ICC, nao ukaandika muundo mmoja wa profaili ambao kila programu ingeuelewa. Profaili hutafsiri namba za mtambo mmoja kuwa rangi ya CIE, kisha profaili ya pili huichukua rangi hiyo na kuitafsiri kuwa namba za mtambo mwingine. Hadi leo hunigusa kufikiri kwamba macho ya watu 17 yangali ndani ya kila picha tunayoihariri.

Sasa tuliendee dirisha lenyewe. Katika programu ya Photoshop hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na K kwa pamoja; katika programu ya GIMP limo ndani ya mapendeleo, kwenye ukurasa wa usimamizi wa rangi. Swali la kwanza ni nafasi ya kazi, yaani lugha ambayo picha mpya zitaandikwa. Kabla sijasema mchague nini, niseme msichague nini: msichague profaili ya skrini yenu. Ni kosa linalofanywa na watu makini kabisa, kwa kuwa huonekana kuwa na mantiki. Mtu hujiambia kwamba akitumia profaili ya skrini yake atakiona hasa kilichomo kwenye faili. Kwa kweli anakuwa ameifunga picha kwenye kioo kimoja, ambacho baada ya miaka michache kitachakaa na kubadilishwa, na namba zake zitabaki zikieleza kitu kisichokuwapo tena. Profaili ya skrini ina mahali pake kwenye mfumo endeshi wa kompyuta, ambako programu huenda kuichukua yenyewe kila inapotaka kukuonyesha picha.

Nafasi ya kazi inapaswa kuwa mojawapo ya zile zisizo na mtambo maalumu. Ya kwanza ni sRGB, iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Wigo wake, yaani upana wa rangi inazoweza kuzitaja, ni mdogo, takriban asilimia 35 ya rangi ambazo jicho huziona, lakini ndiyo lugha ambayo karibu kila skrini na kila kivinjari hudhani inazungumzwa pale ambapo hapajasemwa kitu. Ya pili ni Adobe RGB ya mwaka 1998, yenye takriban nusu ya rangi zinazoonekana, na uzito wake uko upande wa kijani na wa buluu inayoelekea kijani, ambako wino mzuri hufika na sRGB haifiki. Hapa naomba niseme kidogo nje ya njia: nafasi hiyo ilitoka na Photoshop 5 ikiwa na jina la kiwango cha televisheni, SMPTE 240M, kisha ikagundulika kwamba thamani zake hazikuwa zile halisi za kiwango hicho, lakini watumiaji walikuwa wamekwisha kuipenda, ikabaki kama ilivyo na kupewa jina jipya. Ya tatu ni ProPhoto RGB, kazi ya Kodak, pana kiasi kwamba baadhi ya rangi zake hakuna jicho linaloweza kuziona.

Ushauri wangu hauna ufundi mwingi. Ikiwa picha zako huishia kwenye simu na intaneti, fanya kazi kwa sRGB tangu mwanzo hadi mwisho, wala asikwambie mtu kwamba hujui kazi. Ikiwa unachapa mwenyewe kwa printa ya wino yenye katriji nyingi, Adobe RGB itakupa majani na maji ambayo sRGB ingeyakata. ProPhoto RGB iacheni kwa yule anayesafisha faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijawa picha, na kufanya kazi kwa biti 16. Kwa biti 8 kila mkondo wa rangi, yaani nyekundu, kijani au buluu, una hatua 256 tu, na hatua hizo zikitandazwa juu ya wigo mpana namna hiyo, anga laini hupasuka na kuwa mistari. Biti 16 huzipandisha hadi 65,536, na mpasuko huondoka.

Sehemu inayofuata ya dirisha ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, nayo ni sera: programu ifanye nini inapofungua picha yenye profaili tofauti na nafasi yako ya kazi, au isiyo na profaili kabisa. Photoshop hutoa njia tatu, ambazo ni kuacha usimamizi wa rangi, kuihifadhi profaili iliyomo, au kuigeuza picha moja kwa moja kwenda kwenye nafasi yako ya kazi. Chagueni kuihifadhi profaili iliyomo, kila mara. Kisha wekeni alama kwenye visanduku vinavyoitaka programu iwaulize profaili zinapotofautiana na profaili inapokosekana. Najua maswali hayo huchosha, na najua wengi huyazima siku ya kwanza. Lakini ndiyo wakati pekee ambapo programu inawaambia kwamba picha imefika bila sentensi yake, na nafasi hiyo ikipita mtafanya kazi siku nzima juu ya rangi ya kukisia. GIMP nayo huuliza inapofungua faili yenye profaili nyingine, kama uihifadhi au uigeuze. Jibu ni lilelile.

Nisimulie lililonipata. Niliandaa kitabu cha picha za nyuso, kazi ya miezi, yote katika ProPhoto RGB. Siku ya kutoa faili nilisahau kisanduku kimoja, kile cha kuambatisha profaili kwenye faili, nami nikazipeleka kwenye kiwanda cha uchapaji faili 40 zisizosema zimeandikwa kwa lugha gani. Huko zilisomwa kama sRGB, kama ilivyo kawaida. Nilipopokea kurasa za majaribio, mzee mmoja ambaye ngozi yake nilikuwa nimeipiga kwenye mwanga wa jioni, yenye joto la shaba, alikuwa na rangi ya majivu. Nyuso zote zilikuwa zimefifia na kuingia kiza kwa pamoja. Kiza kilitokana na kwamba ProPhoto RGB hutumia gamma, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyogeuka kuwa mwangaza, ya 1.8, ilhali sRGB hukaribia 2.2, kijivu cha wastani ambacho sRGB hukiandika 118, ProPhoto RGB hukiandika 98, na 98 ikisomwa kama sRGB ni kijivu kizito. Sikuyajua hayo kwa wakati huo. Nilirudi nyumbani, nikafungua nakala zilezile zisizo na profaili, nikakaa siku mbili nikiongeza mwangaza na ukolezi wa rangi, uso baada ya uso, na hakuna uso uliorudi ulivyokuwa.

Dawa ilikuwa amri moja, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa programu ina amri mbili zinazofanana kwa jina na kupingana kwa kazi. Moja ni kupachika profaili na nyingine ni kubadilisha kwenda kwenye profaili. Ukipachika, namba zinabaki zilivyo na mwonekano unabadilika, kwa kuwa umebadilisha maana ya namba. Ukibadilisha, namba zinaandikwa upya na mwonekano unabaki ulivyo, kadiri wigo wa pale picha inapokwenda unavyoruhusu. Kupachika ni kwa picha iliyopoteza sentensi yake, au iliyobandikwa ya uongo. Kubadilisha ni kwa picha iliyo salama inayotaka kusafiri kwenda kwenye mtambo mwingine. Nyuso zangu zilihitaji kupachikwa ProPhoto RGB, na zingefufuka mara moja; mimi nilizibadilisha namba kwa mkono, nikitibu mahali pasipo na ugonjwa.

Utajuaje profaili ipi ya kupachika kwenye picha yatima? Anza na sRGB, kwa kuwa picha nyingi zilizopotea ni za huko. Nyuso zikionekana zimepauka, jaribu Adobe RGB. Zikiwa zimepauka na kuingia kiza, jaribu ProPhoto RGB. Jina la faili pia husaidia. Kwa kanuni za kamera, picha ya JPEG iliyopigwa kwa Adobe RGB hupewa jina linaloanza na mstari wa chini, na jina likiwa halijabadilishwa, mstari huo ni ushahidi wa kutosha. Faili ghafi haina shida hii, kwa sababu haiwi na nafasi ya rangi mpaka isafishwe. Kile unachochagua kwenye kamera kati ya sRGB na Adobe RGB kinaihusu JPEG.

Chini ya dirisha hilohilo kuna namna ya kuhamisha rangi. Viwango vinatambua namna nne, na kwa picha tunahitaji mbili. Moja huiminya picha nzima kwa upole ili uhusiano wa rangi ubaki. Nyingine huziacha rangi zinazoingia kwenye wigo mpya zilivyo, na kuzileta zile zilizozidi hadi mpakani. Mimi hutumia ya pili nikiwa nimewasha fidia ya weusi, yaani kuulinganisha weusi wa wigo mmoja na wa mwingine, na huiendea ya kwanza pale tu nguo au ua lenye rangi kali linapopoteza mikunjo yake. Mjue tu kwamba kati ya profaili za kawaida za sRGB na Adobe RGB hamtaona tofauti ya namna hizo mbili, kwa kuwa profaili hizo hazina majedwali ya kuminya.

Hayo yote hayana faida ikiwa skrini inadanganya. Tumieni kifaa cha kupimia rangi kinachowekwa juu ya kioo, na mpime kwa nyuzijoto ya rangi, yaani kipimo cha weupe wa mwanga, ya kelvini 6500, gamma 2.2, na mwangaza wa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Mwangaza ndio unaosahaulika. Skrini nyingi zinaweza kupita kandela 250, na mtu anayehariri juu ya kioo kinachong'aa hivyo huishusha picha bila kujua, kisha hushangaa karatasi inapotoka imejaa kiza. Zimeni pia kile kipengele kinachoifanya skrini iwe ya manjano wakati wa usiku. Nimeona kazi nzuri ikiharibiwa nacho.

Kwenye uchapaji, swali ni moja: nani anatafsiri, programu au printa? Photoshop hukutaka uchague. Ukichagua programu, chagua profaili ya printa pamoja na karatasi ileile uliyoiweka, kisha uingie kwenye mipangilio ya printa yenyewe na uzime usimamizi wake wa rangi. Usipouzima, rangi zitatafsiriwa mara mbili, na nyuso mara nyingi hutoka zikielekea wekundu wa majenta, kosa ambalo watu hulitibu kwa kununua wino mpya. Kabla ya kuchapa, washeni hakiki ya rangi kwenye skrini, yaani onyesho la jinsi picha itakavyotoka kwenye karatasi, mkiwa mmeigiza weupe wa karatasi. Picha itaonekana imenyauka ghafla. Msiogope, na msirekebishe papo hapo. Geuzeni uso pembeni wakati wa kuiwasha, jicho lizoee kwanza, ndipo mtazame.

Kwa kiwanda kinachochapa kwa wino nne, saiani, majenta, njano na nyeusi, ulizeni kwanza profaili yao. Profaili hubeba aina ya karatasi na kiasi cha wino inachoweza kustahimili. Ukijumlisha asilimia za wino zote nne, ipo inayoruhusu 330 na ipo inayokomea 300, na wino ukizidi karatasi haikauki. Mkikadiria tu, mnakadiria hayo yote. Tena badilisheni nakala, kamwe si faili mama, kwa sababu rangi zilizokatwa na wigo wa wino hazirudi mkiirejesha picha kwenye RGB.

Kwa intaneti, badilisheni nakala kwenda sRGB na muiambatishe profaili yake kwenye faili. Wapo wanaoiondoa ili faili iwe nyepesi. Profaili ya kawaida ya sRGB ina baiti 3,144, yaani kilobaiti 3 hivi. Siku hizi, ambapo simu na kompyuta nyingi zina skrini za wigo wa Display P3, ulio mpana kuliko sRGB, picha isiyo na profaili inaweza kuoneshwa na programu fulani kwa wigo wote wa skrini, na midomo ya watu ikawa kama imepakwa rangi. Kilobaiti 3 ni bei ndogo ya kulizuia hilo.

Pale mezani, chini ya taa ya kelvini 5000, nimeweka karatasi tatu zenye uso wa mzee yule niliyemtaja. Moja imechapwa kwa profaili yake sahihi, moja kutoka kwenye faili iliyopoteza profaili, na moja imetafsiriwa mara mbili, na programu na printa. Sijaziandika kipi ni kipi. Njooni mzitazame kwa zamu, kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi anachodhani kilitokea katika kila moja, kisha tutazifungua faili zote tatu hapa kwenye skrini na kusoma mipangilio yake pamoja.